Ijue thamani ya nyumba yako kabla mnunuzi hajaitaja bei

Juma lililopita msomaji mmoja wa Ruashi aliniandikia: "Yaya, papa alituachia nyumba. Komisioneri anasema dola 18,000, kaka yetu mkubwa anasema 45,000, na mnunuzi iko na pesa tayari. Nani anasema kweli?" Nilimjibu kwa mistari michache, kisha nikaona swali lenyewe ni la wengi wetu hapa Lubumbashi. Sote tunatafuta kutoka kwenye kupanga, sote tunataka kuwaachia watoto kitu, na siku ya kununua au kuuza ikifika tunamsikiliza yule mwenye sauti kubwa.

Dada yangu, hapo hakuna anayesema kweli, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyepima. Komisioneri, yaani dalali, anataja bei itakayouzika upesi ili apate asilimia yake kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka anataja madeni yake na ada za watoto. Mnunuzi anataja kilichomo mfukoni. Thamani ya nyumba ni kitu kingine, na haipatikani kwa kubahatisha.

Nalisema hili kwa uchungu. Baba yangu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, maisha yake yote, na nyumba ya Makomeno ndiyo mali pekee aliyotuachia. Ilikuwa nyumba ya matofali, ukuta mnene, sakafu nyekundu ambayo mama aliipaka nta kila Jumamosi, na uwanja mpana wenye miembe miwili. Baba alipofariki, watu wakiwa bado wamekaa kwenye kilio, baba mdogo akaja na mnunuzi. Walizunguka uwanja, wakaingia sebuleni, wakatajiana bei. Hakuna aliyeshika mita. Hakuna aliyeomba kuona karatasi. Mama alikuwa amekaa chini, amejifunga kitambaa kichwani, na mjane aliye katika kilio kwetu habishani na shemeji yake. Nyumba ilikwenda kwa bei ya pikapu iliyotumika. Baadaye yule mnunuzi aliukata uwanja nusu kwa nusu, akajenga ukuta katikati, na nusu ile tupu peke yake akaiuza kwa pesa nyingi kuliko alizotupa sisi kwa mali yote. Nikipita barabara ile mpaka leo nageuza uso. Baba mdogo sijamsamehe, na sioni haya kuliandika.

Kilichoniuma zaidi ni kujua baadaye kwamba sheria ilikuwa upande wetu. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inawaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wote: wanapata robo tatu ya mali. Ndugu wa marehemu wako katika kundi la pili, linalogawana robo iliyobaki. Na mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Kwa hiyo baba mdogo hakuwa na mamlaka ya kuuza peke yake, wala kumhamisha mama. Mwenye kujua haya siku ile hakuwepo.

Tangu hapo niliapa kwamba nyumba ya mtu wangu haitauzwa tena kwa kukisia. Nilijifunza kwa wapimaji wa kadastre (ofisi ya vipimo vya ardhi), kwa mafundi, kwa mtu aliyekuwa akithamini nyumba kwa ajili ya mikopo ya benki. Na mwaka huu Mungu amenionyesha matunda. Mama alikuwa na nyumba ndogo Bel-Air, aliyoinunua kwa biashara ya unga na samaki wadogo wa kapenta, akataka kuiuza ahamie Likasi karibu na dada yangu. Komisioneri wa kwanza aliitazama akiwa amesimama getini. "Mama, hii nyumba iko ya zamani. Hautapata zaidi ya elfu ishirini na mbili." Tuliiuza dola 31,000. Tofauti ile imemjengea mama nyumba ya vyumba viwili na kumchimbia kisima. Najivunia, na ninawaambia jinsi tulivyofanya.

Tulianza na karatasi, kwa sababu nchini kwetu bei huanzia hapo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Mimi na wewe hatuuziani udongo: tunauziana haki ya kuutumia, pamoja na kilichojengwa juu yake. Haki hiyo ina ngazi. Kuna mwenye karatasi ya mtaa tu, ile fishi ya kiwanja. Kuna mwenye mkataba wa kupangishiwa na Serikali, ambao anaweza kuupoteza kama hajajenga. Na kuna mwenye sertifika ya uandikishaji, ambayo kwa sheria hiyo ndiyo inayothibitisha haki yako, na ikishapita miaka miwili tangu itolewe haipingwi tena kirahisi mahakamani. Nyumba mbili zinazofanana, zimetazamana barabara moja, moja ina sertifika na nyingine ina fishi: hazina bei moja hata kidogo. Anayenunua ile ya fishi ananunua pia safari za ofisini, gharama, na hofu ya mtu kutokea kesho na karatasi yake. Hofu hiyo huikata kwenye bei, na ana haki ya kuikata. Angalia vilevile ni haki ya aina gani: ya kudumu, ambayo ni ya raia wa Kongo tu, au ile ya kawaida ya miaka isiyozidi 25 inayohuishwa. Kisha nenda kwa konservateri, mtunza hati za ardhi, uone kama kitabu chao kinasema sawa na karatasi uliyoshika, na kama nyumba haijawekwa rehani.

Halafu tulipima. Kwa mita, siyo kwa hatua za miguu. Sertifika ya mama ilisema upande wa nyuma una mita 30, sisi tukapata 28 na nusu. Mpimaji akasema kuna jiwe la mpaka limepotea. Tulilitafuta asubuhi nzima, mpaka kijana mmoja alipoinua majani makavu chini ya mti wa parachichi, upande wa pili wa ukuta wa jirani, jembe lake likagonga saruji. Jiwe lilikuwa pale, na namba yake bado inasomeka. Ukuta wa jirani ulikuwa umeingia kwetu kwa mita moja na nusu, urefu wote wa kiwanja. Jirani alikuwa mtu mwema, tukamalizana kwa maandishi mbele ya mkuu wa mtaa, akalipa. Lakini fikirini: tungeuza bila kupima, mnunuzi angepima yeye, na siku hiyo angetushusha bei tukiwa hatuna la kusema.

Baada ya hapo ndipo hesabu. Watu wanaothamini nyumba kwa kazi wana njia tatu, na wanaozijua hawadanganywi.

Njia ya kwanza ni kulinganisha. Unatafuta nyumba zilizouzwa karibuni katika mtaa ule ule, zinazokaribiana na yako kwa ukubwa, karatasi na hali. Zilizouzwa, nasisitiza. Bei ambazo watu wanataja wanapotafuta wateja ni ndoto, hazina maana. Na usiitegemee sana bei iliyoandikwa kwenye hati ya mauzo, maana wengi huandika ndogo wakiogopa ada za Serikali. Muulize aliyeuza, muulize shahidi, muulize mjane wa nyumba ya tatu. Kisha rekebisha: yao ina foraji, kisima cha bomba, yako haina, yao iko kwenye lami, yako gari linazama Januari, kwao umeme wa SNEL unalala na kuamka, kwenu kabini ya umeme imeungua na wanachangishana. Kila tofauti ina pesa yake. Sisi tulipata kati ya 29,000 na 33,000.

Njia ya pili ni gharama. Ukitaka kuijenga nyumba hii leo, utatumia kiasi gani? Hapa usikae na makaratasi, mwite fundi mwenye mvi. Wetu alikuja na bisibisi, akapanda juu ya plafoni (dari), akachoma mbao moja baada ya nyingine. Penye mchwa bisibisi ilizama mpaka mpini. Mbao nne zilikuwa zimekwisha, zilizobaki ngumu. Matofali aliyagonga kwa kucha: ya kuchoma, ya udongo wa kichuguu, yale ya zamani yanayolia kama chungu. Alisema ukuta ule utamzika yeye. Tukahesabu matofali, mabati, milango, saruji kwa bei ya siku ile, maana saruji inayopitia Kasumbalesa hupanda malori yakikwama mpakani. Tukatoa uchakavu, tukaongeza thamani ya kiwanja. Ikatoka 34,000. Komisioneri aliyesema "iko ya zamani" hakuwa amegusa hata tofali moja. Uzee wa nyumba siyo ubovu wake.

Njia ya tatu ni kodi ya pango, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu haina huruma. Chukua nyumba inayopangishwa dola 300 kwa mwezi. Usizidishe kwa 12, zidisha kwa 11, kwa sababu mpangaji huondoka na nyumba hukaa tupu. Ni 3,300. Toa ukarabati, mlinzi, na kodi ya Serikali, tuseme 600. Unabaki na 2,700 kwa mwaka. Kama wanunuzi wa mtaa huo wanaridhika na faida ya asilimia 9 kwa mwaka, nyumba hiyo ina thamani ya 30,000. Kama wanataka 12, basi ni 22,500, wala kulia hakutaibadilisha.

Lakini chagua pango la kweli. Mji wetu unaishi kwa shaba. Waliokuwepo 2008 wanakumbuka: katikati ya mwaka tani moja ya shaba ilikuwa juu ya dola 8,000, kufika Desemba ilikuwa karibu na 3,000. Kampuni zilifunga milango, wageni wakapanda ndege, na nyumba walizokuwa wamepanga kwa bei ya juu zikabaki na vibao. Aliyenunua akihesabu pango la mgeni mmoja wa mgodini alilipa bei ya mgeni ambaye hayupo. Na tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, Kolwezi nayo ni makao makuu ya mkoa, na baadhi ya wapangaji wa aina hiyo wanatafuta nyumba kule. Hesabu pango ambalo mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa komuni yetu ya Kenya hapa mjini anaweza kulipa mwaka mzima bila kukukimbia.

Ukiwa na namba zako tatu, usizijumlishe na kugawa kwa tatu. Uliza ipi ina ushahidi wenye nguvu. Sisi tulikuwa na mauzo ya jirani tuliyoyahakikisha, kwa hiyo tulisimama hapo, tukajua kwamba chini ya 29,000 hatusogei. Mnunuzi alianza na 20,000. Mama alimsukumia karatasi yenye vipimo, hali ya paa, mauzo ya jirani, na akanyamaza. Baada ya siku chache alirudi na mkewe, na mkewe ndiye aliyesoma karatasi.

Sasa naomba mnisikilize, hasa ninyi dada zangu. Msiuze nyumba kwenye kilio. Msiuze mkiwa na mgonjwa hospitali bila kwanza kutafuta njia nyingine, kwa sababu kuna bei ya soko na kuna bei ya haraka, na hata benki inapothamini dhamana huziandika zote mbili, ile ya haraka ikiwa chini. Anayekuja na pesa mkononi siku ya msiba anaijua tofauti hiyo vizuri. Pimeni kwanza. Mzee wa ukoo akisema mnamdharau kwa kuleta mpimaji, mwambieni kwa heshima kwamba mita haimdharau mtu. Mtoto wa kike aliyesoma asikae jikoni wakati bei inatajwa sebuleni. Pimeni kwanza, andikeni, kisha ndipo mtu ataje bei.

Na bei ikishakubalika, kazi haijaisha. Warithi wote waweke sahihi, hata aliye Ndola na aliye Ubelgiji, kwa prokirasio iliyothibitishwa, karatasi ya kumpa mwingine ruhusa ya kusaini kwa niaba yake. Hati ipitie kwa mthibitishaji, vipimo viandikwe ndani yake kama mlivyovipata, mashahidi watoke pande zote mbili, pesa zipitie benki. Mnunuzi apewe nakala za kwenda kuhakiki kwa konservateri kadiri anavyotaka. Sertifika yenyewe isitoke mikononi mwenu mpaka malipo ya mwisho yaingie.