Futa oda hiyo kwanza, mdogo wangu

Simama hapo hapo. Umesema Jumatatu unatuma faili kiwandani China, bodi 10 za kompyuta yako ya Z80, ile chipu ya zamani ya Zilog inayokuwa ubongo wa kompyuta, na bredibodi, ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu, umeiruka kwa sababu "inapoteza muda". Nimefungua mchoro ulioweka, nikaukuza pale penye Z80: njia za data, D0 hadi D7, umezipanga kwa foleni: mguu wa 7 umeandika D0, wa 8 D1, wa 9 D2. Nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji. Hilo ni kosa langu mimi, lile lile, hata mpangilio haujaubadilisha.

Miguu ya data ya Z80 haiendi kwa foleni. Ukianzia mguu wa 7 ni D4, D3, D5, D6, kisha mguu wa 11 ni volti 5, halafu D2, D7, D0, D1. Zilog walikuwa wanawaza nini mwaka 1976, usiniulize. D0 unayoitafuta iko mguu wa 14. Mimi nilijichorea alama ya chipu mwenyewe kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi, wakati iliyo sahihi imo humo humo kwenye maktaba yake, nikazipanga D0 hadi D7 kama watoto wa darasa la kwanza mstarini. Nikaona imependeza.

Na nani alinipa moyo? Kuna bwana mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, anajiita injinia. Nilimuuliza nianze na bredibodi au vipi, akanitumia sauti ya dakika tatu: bredibodi ni za watoto wa shule, mwanamume anakwenda moja kwa moja kwenye bodi. Basi mwanamume nikaenda. Bodi zilipogoma nikamtafuta, akaniambia "angalia umeme wa Tororo". Umeme wa Tororo una dhambi zake, ssebo, lakini hii hapana. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuunda hata tochi.

Bodi zenyewe zilikuwa bei ya kuku wawili. Halafu usafiri, halafu ushuru, halafu VAT asilimia 18, halafu nauli ya Kampala kwenda na kurudi kwa kuwa kifurushi "kinasubiri karatasi". Kuku wawili wakawa mbuzi.

Usiku ule ule nikalehemu ya kwanza. Nikafanya kile kipimo wanachofundisha wote: ROM, chipu inayoshika programu, usiweke, njia zote 8 za data zifunge kwenye ardhi kupitia rezista. Z80 ikisoma 00, yaani biti zote nane sifuri, inaelewa "usifanye kitu, songa mbele", kwa hiyo inapita anwani zote 65,536 na kurudi mwanzo, bila kuchoka. Taa ya LED ukiiweka kwenye A15, njia ya juu kabisa ya anwani, kwa mapigo ya saa ya megahezi 1, inawaka na kuzima karibu mara 4 kwa sekunde. Yangu ilikonyeza vizuri mno. Nikamwita jirani aje aone. Nikatuma mtoto akalete rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai, mayai mawili mawili.

Sasa fikiri. Sifuri nane ukizichanganya utakavyo, zinabaki sifuri nane. Kipimo kile hakiwezi kuliona kosa hili hata ukikiangalia mwaka mzima. Mimi nasherehekea na chapati mkononi, kumbe waya zote nane zimekaa nyumba ya mwenzake.

Nikaweka ROM. Kimya. Baiti yangu ya kwanza ilikuwa C3, amri ya kuruka. Kwa waya zangu zilivyopishana, Z80 ilikuwa inapokea 1B, yaani punguza kwa moja namba iliyo kwenye DE, kihifadhi cha ndani ya chipu. Wiki tatu nachoma ROM upya. Nikabadili kristali inayotoa mapigo. Nikaagiza ROM ya pili kutoka Luthuli Avenue kule Nairobi, ikaja na basi. Nikagombana na mama watoto kwamba pasi yake inatia kelele kwenye laini. Nilikuja kuliona saa nane usiku, mita mkono mmoja na karatasi ya chipu mkono mwingine, nikigusa mguu mmoja mmoja.

Hapo mtu mwenye akili angelala. Mimi nikachukua kisu. Njia za shaba zilipita chini ya soketi, nikaing'oa soketi ya miguu 40 kwa chuma cha kulehemia cha wati 60, kile cha redio za zamani, ikatoka na shaba yake. Bodi ya pili nikaiunga kwa waya, mmoja ukagusa volti 5 pasipostahili, chipu ikanuka. Na ilikuwa Z84C00 ya kweli, toleo la baadaye la Z80, siyo kuukuu iliyofutwa jina ikaandikwa upya. Zilog waliacha kupokea oda zake Juni 2024, kwa hiyo ya kuunguza ovyo hakuna.

Kisha ndiyo wakajitokeza wajuzi: ungeiacha bodi ilivyo, ukachanganya biti ndani ya faili la ROM kinyumenyume! Ni kweli ingewezekana. RAM, kumbukumbu ya muda, haijali, inakurudishia ulichoipa. Chipu ya siriali, inayopeleka herufi nje, ndiyo ingehitaji jedwali la baiti 256 la kutafsiri kila herufi. Kompyuta yenye lafudhi. Walikuwa wapi wiki tatu zote zile?

Kwa hiyo: bodi haiendi kiwandani mpaka mashine hiyo hiyo, kwa chipu hizo hizo, iandike herufi kwenye skrini ikiwa bado kwenye bredibodi. Nimesema herufi, sikusema taa. Kila chipu mpe kapasita yake ya mikrofaradi 0.1 karibu na miguu ya umeme. Miguu ya Z80 ya kupokea ishara, WAIT, BUSREQ, INT na NMI, ivute kwenye volti 5 kwa rezista ya kilo-ohm 10, usiiache inaning'inia. RESET, mguu wa kuanzisha upya, ibane chini angalau mapigo matatu. Z84C00 inakubali hata pigo la kubonyeza kwa kidole, basi bonyeza, soma LED 8 za data zilizounganishwa kwenye miguu ya Z80 yenyewe, uone kama C3 imefika ikiwa C3. Ukimaliza, mchoro wa bodi unakiliwa kutoka kwenye waya unazoziona, usiutoe kichwani.

Uliuliza pia Z80 au chipu nyingine ya zamani, 6502: yoyote, ila 6502 inataka EA, amri yake ya "usifanye kitu", kwa kile kipimo cha kukimbia bure bila ROM, na EA ina biti tano za moja, hivyo waya nyingi zikipishana angalau utashtuka. Kwa bodi, tabaka mbili za shaba zinatosha. Uligusia na VGA, ya kuonyesha picha kwenye skrini, na kibodi, tutaongea mashine ikishahema.

Bodi zangu nane zimebaki. Moja mama watoto anatulizia sufuria ya chai. Mguu wa 14, nenda kaurekebishe sasa hivi, kisha weka picha ya bredibodi hapa.