Nilibonyeza "kubali", sasa mavyaa anajua deni langu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilikopa elfu themanini kwenye programu ya simu nikachelewa siku nne tu, basi wakamtumia mavyaa meseji "mwambie huyu mama ni tapeli alipe deni", na mavyaa macho hayaoni vizuri akampa mjukuu amsomee, kibarazani, watu wanakunywa kahawa! Shemeji ananicheka eti faragha ni mambo ya wazungu na nilibonyeza kubali mwenyewe. Hivi ni haki kweli au tunajidanganya?
Mama wawili, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa hiyo aibu. Wazungu gani tena? Toka enzi za bibi zetu hapo Ngamiani mtu anapiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anageuka zake, hata kama mlango uko wazi na anakusikia unakohoa ndani.

Na kwenye katiba ipo, ibara ya 16, inataja mtu na familia yake, maskani, mawasiliano yake, mpaka unyumba umo (mwonyeshe shemeji), tena imekaa kwenye haki za msingi zilizoingizwa 1984. Ina mipaka sawa, polisi wanaweza kuja na hati ya upekuzi hilo silibishi, ila mkopeshaji sio polisi.

Sasa hiyo "kubali". Ulikubali wewe, mavyaa alibonyeza wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inataka taarifa ya mtu ichukuliwe kwa sababu inayojulikana na itumike kwa hiyo hiyo, sio kumvua mtu nguo barazani. Lakini na wewe nikuguse kidogo, ulipowafungulia majina ya kwenye simu uliwapa namba za wanakikoba wenzio, za mwalimu wa mtoto, za fundi cherehani, nao hawakuulizwa na haki wanayo kama yako.

Meseji usifute, piga picha ya skrini namba na tarehe zionekane, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwenye settingi za simu zima ruhusa ya majina na picha, ingawa waliyokwisha chukua wanayo. Deni lipa, hilo haliondoki. Kwa mavyaa nenda mwenyewe usimtume mumeo, na umtajie ni elfu themanini, maana saa hizi hapo barazani imeshafika laki nane.