Grafu ikiwa bapa, grafu ya kingo zake je?

Hapana ndugu, ubapa wa grafu G (yaani kuchoreka bila mistari kukatana) pekee hautoshi kuifanya grafu ya kingo zake nayo iwe bapa. Chora barabara za Kisumu: makutano ni vipeo, barabara ni kingo. Grafu ya kingo hugeuza kila barabara kuwa kipeo, na kuunganisha zile zinazokutana. Barabara tano zikikutana pamoja, kwenye grafu ya kingo kila moja inaungana na zile nne nyingine. Hiyo ni K5, yaani grafu ya vipeo vitano ambavyo kila kimoja kimeungana na vingine vyote, na haichoreki bila mistari kukatana. Mwanahisabati Sedláček alitoa jibu kamili mwaka 1964: G iwe bapa, kipeo chochote kisizidi kingo nne, na kila chenye nne kiwe kile ambacho ukikiondoa, grafu inakatika vipande. Sharti hili la mwisho ndilo tamu, na wengi hulisahau! Pembetatu mbili zinazoshiriki kipeo kimoja zinafaulu. Gurudumu la spoku nne halifaulu.