Kwa mnaosubiri majibu ya Machi ya vyuo vya Marekani

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa watu watatu ndani ya nusu saa. Wa kwanza: "Kaka, kwenye mfumo kile kitufe cha majibu kimehamia juu. Wameshaamua?" Wa pili alinitumia picha ya barua pepe ya shukrani, ile ambayo kila mwombaji huipata, akitaka tuchambue neno "tunatarajia". Wa tatu aliandika neno moja tu: "Silali."

Wote watatu walituma maombi mwanzoni mwa Januari, kwenye vyuo vya Marekani vinavyochuja watu hadi basi. Nawapenda hawa wadogo zangu. Lakini mwaka wa nne huu naandika majibu yaleyale, usiku uleule, kwa makosa yaleyale. Leo nayaweka pamoja.

1. Mfumo, yaani ukurasa wa chuo unaofuatilia ombi lako, hautakwambia kitu kabla ya siku yake. Majibu hufunguliwa kwa waombaji wote kwa wakati mmoja. Hata kama faili lako lilisomwa wiki iliyopita, wewe kwenye ukurasa wako hutaona tofauti yoyote. Kitufe kikihama, ni fundi wa tovuti amekihamisha.

2. Acheni kupigia ramli asilimia ya wanaokubaliwa. Mwaka 2024 Harvard ilitangaza kwamba kati ya waombaji 54,008 imewakubali 1,937. Toa uone wanaobaki: zaidi ya 52,000. Nani atakuja kuniambia kwamba wote hao hawakusoma, au insha zao zilikuwa mbovu? Nafasi ni chache kuliko watu wanaozistahili, na hakuna alama utakayoongeza sasa hivi kwa kuijua asilimia hiyo kwa moyo.

3. Walioahirishwa Desemba, yaani mlioomba mapema mkaambiwa msubiri hadi Machi: andika barua moja, ukurasa mmoja, uwaeleze yaliyo mapya tangu ulipoomba na kwamba bado unakitaka chuo chao. Kisha nyamaza. Nimeona kijana akimwandikia ofisa wa udahili kila Jumatatu kwa wiki sita.

4. Hili ndilo nililokaa kitako kuliandika.

Mwaka wangu niliomba vyuo kumi na kimoja. Kimoja kilikuwa na moyo wangu wote. Mfumo wake niliufungua asubuhi kabla ya kunawa uso, nikaufungua kati ya kipindi na kipindi, nikaufungua usiku shuka likiwa limenifunika kichwa ili mwanga wa simu usimwamshe mdogo wangu. Kuna siku ya Februari niliamua kuhesabu. Nilifika mara arobaini na tatu.

Miongoni mwa vile kumi vingine kulikuwa na chuo kidogo ambacho mwalimu wangu alisisitiza nikiweke kwenye orodha. Mfumo wa chuo hicho niliufungua siku moja tu, ile ya kutengeneza nywila. Basi.

Wao waliniandikia mara tatu. Ninyi mliofanya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, mkatoa anwani zenu mnajua kinachofuata: vyuo hata usivyovijua vinakuandikia kila siku vikikusifia mandhari yao. Barua zile tatu zilikaa humo, kati ya matangazo, na kichwa chake kilifanana na matangazo. Sikuzifungua.

Walikuwa wanataka ukurasa mmoja. Mama alikuwa amemfuata mwajiri wake mara mbili kuomba barua ya kuthibitisha mshahara wake, kwa ajili ya maombi ya msaada wa fedha. Barua ilikuwa na kurasa mbili, na muhuri na sahihi vilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Nilipoipiga picha kuipandisha IDOC, tovuti inayopokea nyaraka za msaada wa fedha, nilipandisha ukurasa wa kwanza mara mbili. Kwenye orodha ya nyaraka ya kile chuo kidogo, kwa wiki tano nzima, kulikuwa na alama nyekundu na maneno kwamba uthibitisho wa mapato haujakamilika. Ukurasa wenyewe ulikuwa ndani ya bahasha ya kaki, kwenye begi langu la shule. Nilikuwa naubeba mgongoni kila siku.

Mwisho wa Machi, saa nane usiku, chuo changu cha moyoni kikasema hapana. Nililia, nikalala na nguo. Siku mbili baadaye ndipo nikavikumbuka vile vingine. Nikafungua kile kidogo: hongera, umekubaliwa. Nilipiga kelele, mama akaja mbio. Tukaanza kusoma pamoja, mimi namtafsiria, hadi aya ya tatu. Faili la msaada wa fedha halikukamilika kufikia tarehe ya mwisho, kwa hiyo hawangeweza kunipa chochote. Gharama ya mwaka mmoja ilizidi dola 70,000.

Niliandika kuomba. Mama mmoja wa ofisi ile alinijibu siku ileile, kwa upole kweli, kwamba fedha za wanafunzi wa nje zilikuwa zimeshagawanywa zote.

Mama aliniuliza, "Ule wenye muhuri, si niliuleta?" Nikamwambia uliuleta, mama. Akaniomba auone. Niliutoa kwenye bahasha, ukiwa umekunjika pembe, akauweka mezani akaunyoosha kwa kiganja, taratibu, akausoma wote mpaka chini kwenye muhuri. Hakunigombeza. Tarehe 1 Mei, siku ya mwisho ya kuthibitisha, ikapita sina pa kuthibitisha. Niliomba upya mwaka uliofuata nikapata kwingine, nikasoma, nikamaliza. Ila ule mkono wa mama juu ya karatasi ninauona mpaka leo.

Sasa mnielewe ninapowafokea. Wasiwasi ulinishikisha ukurasa mmoja ambao singeweza kuubadilisha hata ningeufungua mara elfu, huku ukurasa ambao ningeumaliza kwa dakika mbili ukiniita. Kila Ijumaa fungua mifumo yote, yote, teremka mpaka kwenye orodha ya nyaraka, soma mstari kwa mstari, funga. Angalia na folda ya spamu. CSS Profile, ile fomu ya kuombea msaada wa fedha, ikionekana imepokelewa, haina maana kwamba nyaraka zake zimepokelewa.

5. Saa. Wenzetu husogeza saa zao mbele mwezi Machi, kwa hiyo saa moja jioni ya mashariki mwa Marekani, ambayo Desemba kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa usiku, mwisho wa Machi itakuwa saa nane. MIT wana mazoea yao ya tarehe 14 Machi, saa 12 na dakika 28 jioni kwao. Kwetu ni saa saba na dakika 28 usiku wa kuamkia tarehe 15. Weka kengele, lala mapema. Na usifungue majibu mbele ya watu kumi wenye kamera, hata kama wanakupenda.

Yule wa "Silali" nilimpigia. Hakutaka nasaha, nikaona nisimpe. Nikamwambia washa kompyuta, tufungue mifumo yako yote tisa, mmoja baada ya mwingine, unisomee orodha za nyaraka. Alinung'unika, lakini akasoma. Cha kwanza kimekamilika, cha pili kimekamilika. Tukaenda hivyo. Kwenye cha saba akanyamaza.

"Kaka," akasema, "ripoti ya katikati ya mwaka. Wanasema haijafika."

Ripoti hiyo ya alama hutumwa na shule, kwa hiyo asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwalimu wake kabla ya kengele. Saa nne akaniandikia kwamba imetumwa. Jioni nikamtafuta nimuulize kama chuo kimeshaipokea, hakujibu. Alikuwa amelala.