Mbona hakuna mtu kwenye picha za rafu za vitabu za Korea?

Umeuliza kwa nini viambaza vya kukunjwa vya Korea, vilivyochorwa rafu za vitabu, havina mtu hata mmoja. Hahitajiki! Kwenye chaekgeori, yaani hizo picha za vitabu na vitu, vitu ndivyo vinavyomsema mwenye chumba: vitabu, brashi, wino, vyombo vya kaure vya China. Mfalme Jeongjo wa Korea alizipenda mno picha hizi. Mwaka 1791 aliweka kiambaza kimoja cha aina hiyo nyuma ya kiti chake cha enzi, akawaambia maofisa wake kuwa si vitabu halisi, ni picha tu. Mchoraji Yi Hyeong-rok naye, mjanja kweli, alificha jina lake kwenye muhuri uliochorwa katikati ya vitu hivyo. Baadaye mtindo ukafika kwa watu wa kawaida, wakaongeza matikiti na makomamanga: mbegu tele, watoto tele.