Jibu: RAV4 kuvuta karavani ya kilo 1,200

Mkuu umeuliza kama RAV4 yako itaiweza karavani (tela la kulala ndani) ya kilo 1,200, utoke nayo Mwanza hadi Musoma na familia. Kwanza muulize muuzaji hiyo 1,200 ni tupu au ndo uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha tela, maana wengi wanakutajia tupu, sasa ukiweka mtungi wa gesi, magodoro, vyombo, na maji lita 100 ambayo ni kilo 100 peke yake, unajikuta 1,500 na ndo utakazozivuta kweli.

Watu wanawaza injini tu, kumbe shida kubwa ni kusimama na kutulia barabarani. Uzito unaokandamiza ndoano, Marekani wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya tela, yaani kwa kilo 1,500 ni 150 mpaka 225 zinakaa mkiani kwa gari, na zinahesabika pamoja na abiria na mizigo yenu! Mbele ya tela kukiwa kwepesi mno linaanza kuyumba, hapo basi la abiria likupite kasi pale Magu au Lamadi, ni hatari jamani.

RAV4 viwango vinatofautiana kwa injini na nchi ilikouzwa, cheki kitabu cha gari yako hasa, usichukue namba ya mtandaoni. Breki za tela lazima, Ulaya bila breki mwisho ni kilo 750. Kwa familia mimi ningetafuta Prado au Hilux ya dizeli, roho itulie. Tupia picha ya kibati hapa tuone.