Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Fotokopi Inapokataa Kutuma Nyaraka kwenye Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisi yetu ipo Kirumba, Mwanza, na kazi yetu ni kuandaa vibali na nyaraka za wafanyabiashara wa samaki na dagaa. Tuna mashine kubwa ya fotokopi iliyounganishwa na ruta kwa waya, na fundi aliiwekea utaratibu wa kuskani moja kwa moja hadi kwenye folda ya kompyuta ya mapokezi. Umeme ulipokatika na kurudi, ikagoma. Inaandika kwamba imeshindwa kuunganika, ingawa inatoa nakala na kuchapa kama kawaida. Sasa tunahangaika na flashi. Je, imeharibika? Na tukitaka kuiweka upya wenyewe, tuanzie wapi? – Msomaji, Kirumba.

JIBU: Ndugu msomaji, mashine yenu ni nzima. Mnapochapa, kompyuta ndiyo inayoitafuta mashine. Mnapotuma nyaraka mlizoskani, mashine ndiyo inayoitafuta kompyuta, na kwa hiyo uchapaji kwenda vizuri hauthibitishi lolote kuhusu safari ya upande wa pili. Ruta nyingi hugawa zenyewe anwani za IP, yaani tarakimu zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, na zikizimika ghafla huweza kusahau nani alipewa ipi. Umeme unaporudi, kompyuta iliyokuwa 192.168.1.15 inaweza kupewa 192.168.1.22, huku kitabu cha anwani cha mashine kikiwa bado na ile ya zamani. Hapo mashine inakuwa kama mgeni anayegonga mlango wa nyumba ambayo mwenyeji wake amekwisha kuhama.

Kuthibitisha hilo si kazi kubwa. Kwenye kompyuta ya mapokezi fungueni dirisha la amri, yaani lile jeusi la kuandikia, mwandike ipconfig, kisha msome tarakimu zilizo kwenye mstari wa IPv4 na kuzilinganisha na zile zilizohifadhiwa ndani ya mashine. Zikitofautiana, mmempata mchawi. Kubadilisha tarakimu kwenye mashine kutawatoa kwenye shida ya leo tu, kwa sababu umeme utakatika tena. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuitengea kompyuta hiyo anwani moja isiyobadilika. Wapo wanaopendelea kuandika jina la kompyuta badala ya tarakimu, lakini katika ofisi ndogo mashine nyingi hushindwa kulitafsiri jina hilo kuwa anwani, kwa hiyo mimi ningebaki na tarakimu.

Zikiwa zinalingana, tazameni Windows inauchukuliaje mtandao wenu. Ruta ikibadilishwa, Windows huweza kuuona mtandao kuwa mgeni na kuuweka katika kundi la mitandao ya umma, na ngome yake (firewall) hufunga milango ya kushirikiana mafaili, ukiwamo mlango namba 445 ambao mashine huutumia. Rudisheni mtandao huo katika kundi la mitandao binafsi. Msiizime ngome yote, hata kama fundi atasema ndiyo njia ya mkato.

Kama mnaamua kuweka upya kila kitu, anzeni na akaunti. Tengenezeni kwenye kompyuta akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, kwa ajili ya mashine peke yake, muipe jina fupi, tuseme skana, na nenosiri lake. Mkitumia akaunti ya katibu muhtasi, siku atakapobadilisha nenosiri mashine itagoma na hakuna atakayekumbuka sababu. Vilevile, ile PIN ya kufungulia kompyuta asubuhi haifai hapa, kwani hutumika kwenye kompyuta hiyo yenyewe tu wala haivuki mtandao. Watu wengi huiandika kwenye mashine na kushangaa inakataliwa.

Kisha fungueni folda mpya, kwa mfano Skani, moja kwa moja kwenye diski badala ya kuiweka juu ya dawati la kompyuta, na muishirikishe. Ruhusa zipo sehemu mbili, ile ya kushirikisha na ile ya usalama wa folda, na akaunti ya skana inahitaji haki ya kuandika katika zote mbili, maana penye ruhusa mbili zinazopingana, ile inayobana ndiyo inayoshinda.

Mwisho andikeni anwani ya IP ya mashine kwenye kivinjari, ingieni kama msimamizi, na katika kitabu cha anwani mwongeze mpokeaji wa aina ya SMB, yaani njia ya Windows ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, mwenye anwani \\192.168.1.15\Skani, tarakimu zikiwa zile mlizoitengea kompyuta. Baadhi ya mashine hutenganisha anwani na jina la folda, na hapo ile mikwaju (\) haihitajiki. Izuieni kompyuta isilale saa za kazi, kwa sababu iliyolala haiitiki.

SWALI: Mashine yetu ni ya zamani na tumenunua kompyuta yenye Windows 11. Fundi anataka kuwasha SMB ya kwanza, yaani toleo lake la zamani. Tumkubalie? – Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Msimkubalie. Tangu Windows 10 toleo la 1709 la mwaka 2017, Microsoft imeacha kuiweka SMB ya kwanza katika kompyuta mpya, na Mei mwaka huohuo virusi vya WannaCry vilipitia tundu lake na kufunga mafaili katika nchi nyingi, zikiwamo hospitali za Uingereza. Ombeni kwanza programu ya ndani ya mashine isasishwe, kwani baadhi ya mashine za zamani hupata SMB ya pili au ya tatu kwa njia hiyo. Kumbukeni pia kwamba Windows 11 toleo la 24H2, katika aina za Pro, Enterprise na Education, hudai kila mawasiliano ya SMB yawe na saini ya kidijitali, kwa hiyo saini hiyo nayo iwashwe kwenye mashine. Ikishindikana, tumieni FTP, njia nyingine ya kutuma mafaili ambayo mashine nyingi za zamani zinaijua, lakini iwe ndani ya mtandao wa ofisi pekee, na nenosiri lake lisiwe lile mnalotumia kwingine, kwa maana FTP hulipitisha likiwa wazi.